Alipofika na Alipotoka

Mtihani, katika desturi yake ya kale, huuliza swali moja tu, nalo ni kwamba mtoto huyu siku ya leo anajua nini; wala kwa muda mrefu sana haukupata kuuliza alijua nini siku alipokabidhiwa kwa mwalimu wake. Kwa sababu hiyo mwalimu aliyepokea watoto wa makarani na wafanyabiashara, waliokwisha kufundishwa kusoma nyumbani kabla ya kukanyaga kizingiti cha shule, aliweza kukaa nao mwaka mzima bila ya kuwaongezea la maana, na mwisho wa mwaka akasifiwa; ilhali mwenziwe wa mtaa wa pili, aliyepokea watoto wasiojua alifu wala bee akawafikisha kwenye kusoma ukurasa mzima, alihesabiwa mvivu, kwa kuwa watoto wake walikuwa wangali nyuma ya wale wengine. Dhulma hii haikufichika kwa yeyote aliyepata kushika chaki. Kuiondoa kwa hesabu ndiyo kazi iliyowashughulisha watu wengi kwa zaidi ya karne moja, na habari ya kazi hiyo yastahili kusimuliwa kwa utaratibu, maana ilipokaribia kukamilika ilizaa dhulma ya namna nyingine ambayo waasisi wake hawakuitazamia.

Kupima watoto wa shule mbalimbali kwa karatasi moja ya maswali aghalabu husimuliwa kuanzia mji wa Boston, Marekani, mwaka 1845. Kabla ya hapo waheshimiwa wa kamati ya shule walikuwa wakizuru madarasa, wakaketi mbele, wakasikiliza watoto wachache wakijibu kwa mdomo yale waliyozoeshwa kujibu, kisha wakaenda zao wameridhika. Horace Mann, katibu wa bodi ya elimu ya jimbo la Massachusetts, alikuwa na ugomvi mkali na walimu wakuu wa mji ule, na rafiki yake Samuel Gridley Howe, aliyekuwa katika kamati ya shule, alishika bendera ya ugomvi huo: yakapigwa chapa maswali yaliyo sawa kwa kila shule, yakapelekwa bila ya walimu kuarifiwa mbele. Majibu yalikuwa ya kufedhehesha, nayo yakatangazwa kwa watu wote, na walimu wakuu kadhaa wakapoteza kazi zao. Basi mtihani wa namna hii ulizaliwa ndani ya mashtaka juu ya mwalimu, na popote ulipohamia baadaye haukuacha kabisa nasaba yake hiyo.

Uingereza iliuchukua mtindo huo ikautia katika hazina ya serikali. Mwaka 1862 Robert Lowe, mwanasiasa aliyesimamia mambo ya elimu na ambaye hakupenda kuona fedha ya umma ikitoka bila ya hesabu, aliweka kanuni mpya ya ruzuku ambayo kila mwalimu wa shule za maskini aliijua kwa moyo. Kwa mtoto aliyepita umri wa miaka 6 shule ilipata shilingi 4 kwa hudhurio, na juu ya hizo shilingi 8 nyingine zilizotegemea siku moja ya kujiliwa na mkaguzi. Mtoto akishindwa kusoma, shilingi 2 na peni 8 zilikatwa. Akishindwa kuandika, zikakatwa nyingine kama hizo. Akishindwa hesabu, zikaishia hapo, kwa maana shilingi ya siku zile ilikuwa na peni 12, na mwenye kupiga hesabu ataona kwamba zile 8 zimegawanywa mafungu matatu yaliyo sawa kabisa, fungu moja kwa kila somo. Kulikuwa na ngazi sita, na kwa kawaida mtoto hakuruhusiwa kupimwa mara ya pili katika ngazi ile ile. Kila mwaka alitakiwa apande moja. Kwa hiyo Lowe, hata kama hakukusudia, alikuwa ameingiza ndani ya mtihani wazo la ukuaji, lakini lilikuwa ni wazo la askari wa gwaride, kwamba watu wote waanze mguu mmoja na wote wafike pamoja.

Yaliyofuata yameandikwa na wakaguzi wenyewe, na mmoja wao alikuwa Matthew Arnold, mshairi, aliyeipinga kanuni hiyo tangu mwaka ilipotoka. Vitabu vya kusomea vilikuwa vichache, na mkaguzi alichagua kifungu humo humo. Basi walimu waliwahifadhisha watoto kitabu kizima, na husimuliwa kwamba walikuwako waliosoma kwa ufasaha ilhali wamekishika kichwa chini miguu juu. Historia na jiografia, kwa kuwa hazikuleta hata peni moja, zikasukumwa pembeni. Watoto wagonjwa waliletwa darasani wamefungwa mablanketi ili wasikose siku ya mkaguzi. Mfumo huo ulilegezwa kidogo kidogo hata ukafa katika miaka ya 1890, lakini sifa moja hatuwezi kuunyima: kila aliyepimwa nao alijua vilivyo kwa nini amepata na kwa nini amekosa. Mwalimu wa kijiji, mkewe, na hata mwenye duka aliyemkopesha unga, wote waliweza kufanya hesabu ile kwa vidole.

Malipo hayo yalikuwa yamekwisha kuachwa Uingereza kabla ya wakoloni kujenga shule nyingi katika Afrika ya Mashariki, ila ngazi zilisafiri; na wazee waliosoma Tanganyika na Kenya wanazikumbuka standadi zao, hususa ya nne na ya nane, ambazo mwisho wake palikuwa na mtihani. Mtihani ule ulikuwa wa mlango. Nafasi za mbele zilikuwa chache, wenye kuzitaka walikuwa wengi, na karatasi ilitafuta wa kupita na wa kurudi shambani. Alikotoka mtoto hakukumhusu mtahini. Nayo pwani, katika zama hizo hizo, ilikuwa na vyuo vya Kurani ambamo watoto ishirini waliketi juu ya jamvi moja kila mmoja akiwa mahali pake, huyu katika kuunganisha herufi, yule katika juzuu ya amma, wa tatu akikaribia kukhitimu, na mwalimu akimsikiliza kila mmoja kuanzia pale alipoachia jana. Hapo mtoto alipimwa na nafsi yake, na mzazi aliyetaka kujua maendeleo ya mwanawe aliambiwa amefika sura gani. Kasoro ya kipimo hicho ni kwamba kiliishi katika kichwa cha mwalimu. Serikali haiwezi kukikusanya, wala haiwezi kukilinganisha cha Lamu na cha Bagamoyo, na serikali za karne ya ishirini zilipenda mno kulinganisha.

Kilichokuja kuwezesha ulinganifu huo ni mashine. Reynold Johnson, mwalimu wa sayansi katika jimbo la Michigan, alipokuwa kijana alikuwa na mzaha mmoja: vijana walipokuja kwa magari yao kuwaposa dada zake, yeye hutoka nje kwa siri akachora kwa penseli juu ya plagi za injini, na moto wa umeme, ukipitia katika alama ya penseli badala ya kuruka mahali pake, ulikataa kuwasha gari. Mzaha ule ulimfunza kwamba risasi ya penseli hupitisha umeme, naye baadaye akabuni chombo cha kuonja kwa umeme alama zilizotiwa na wanafunzi katika karatasi ya majibu. Shirika la IBM lilimwajiri, na mwaka 1938 likaanza kuuza mashine hiyo. Huko Iowa, profesa E. F. Lindquist alikuwa akiendesha mitihani ya jimbo zima tangu mwisho wa miaka ya 1920, na mitihani yake ya stadi za msingi ilipangwa ili mtoto yule yule aweze kupimwa mwaka baada ya mwaka kwa kipimo kimoja kinachoendelea. Sasa palikuwa na tarakimu nyingi, za bei nafuu, na za miaka mfululizo. Palikosekana mtu wa kuuliza zifanyiwe nini.

Mtu huyo hakutoka katika kitivo cha elimu. William Sanders alizaliwa Tennessee mwaka 1942, akakulia katika shamba la ng'ombe wa maziwa, akasomea takwimu, na kazi yake katika Chuo Kikuu cha Tennessee ilikuwa ni kuwasaidia watafiti wa kilimo kuzisoma hesabu zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 gavana wa jimbo, Lamar Alexander, alikuwa akitaka walimu bora walipwe zaidi, na wapinzani wakamjibu kwamba hakuna njia ya haki ya kumpima mwalimu kwa alama za wanafunzi, kwa sababu ile ile tuliyoitaja mwanzo, kwamba hakuna awezaye kutenga kazi ya mwalimu na bahati ya mtaa. Sanders aliposoma maneno hayo alishangaa, maana katika ulimwengu wake tatizo hilo lilikuwa limekwisha kufumbuliwa, na lilifumbuliwa zizini.

Hapa inafaa tukae kidogo. Mfugaji atakaye kujua thamani ya fahali hana njia ya kumkama, kwa kuwa fahali hana maziwa. Sharti awatazame binti zake. Lakini binti hao wametawanyika katika mashamba mengi, huyu katika malisho mema na yule katika ukame, na kila mmoja ana mama yake mwenye damu yake. Charles Henderson wa Chuo Kikuu cha Cornell alitumia miaka mingi katikati ya karne ya ishirini kutengeneza milinganyo inayochukua kumbukumbu zote za maziwa, ikaondoa sehemu ya shamba na sehemu ya mwaka, na kukadiria kilichotoka kwa baba. Tena milinganyo hiyo ina hadhari ya pekee, kwamba fahali mwenye binti wachache hakubaliwi kuwa wa ajabu wala kuwa dhaifu kwa haraka, bali makadirio yake huvutwa karibu na wastani mpaka ushahidi uongezeke. Sanders aliona kwamba mwalimu naye yu katika hali hiyo. Thamani yake haionekani ila kwa wanafunzi, nao wametoka majumba mbalimbali, wamepitia mikono ya walimu wengine, na baadhi yao wamekosa mtihani wa mwaka mmoja au miwili. Ukizishika alama zote za mtoto za miaka iliyopita, katika masomo yote, unaweza kukadiria angefika wapi kama mambo yangeendelea kama kawaida. Na kilichozidi au kilichopungua, kwa darasa zima na kwa miaka kadhaa, utakiandika katika daftari ya mwalimu. Umaskini wa mtoto hauna haja ya kuulizwa, alisema, kwa kuwa umekwisha kuonekana katika alama zake za jana.

Aliomba alama za wilaya ya Knox, na mwaka 1984 yeye na mwenziwe Robert McLean wakatoa andiko lao la kwanza. Halikusomwa sana. Kilichomtoa Sanders gizani ni kesi: wilaya ndogo za mashambani ziliishtaki serikali ya Tennessee mwaka 1988 kwa kuzigawia fedha kidogo kuliko za mijini, zikashinda, na mwaka 1992 bunge la jimbo likalazimika kupandisha kodi ya mauzo ili kuzifidia. Wafanyabiashara hawakukubali kodi hiyo ipite bila ya sharti, wakataka wajue fedha inaleta nini, na palipotafutwa kipimo ndipo lile andiko la mtakwimu wa kilimo lilipokumbukwa. Sheria ya mwaka ule iliuweka mfumo wake uwe wa jimbo zima, ikaagiza walimu wasikadiriwe bila ya kumbukumbu za miaka mitatu, na ikaamuru kwamba hesabu ya mwalimu mmoja mmoja iwe siri baina yake na wakuu wake. Mwaka 1996 Sanders na June Rivers walitoa utafiti uliotangazwa kila pahala: watoto waliolingana walipoanza, wakapewa baadhi yao walimu hodari watatu mfululizo na wengine walimu dhaifu watatu mfululizo, waliachana kwa takriban daraja 50 katika 100. Wataalamu wengine walibishana juu ya ukubwa wa pengo hilo, ila hoja yenyewe, kwamba mwalimu ana uzito na kwamba athari yake hubaki, ilikuwa faraja kwa kazi ya ualimu, na mimi nadhani ndiyo sehemu bora ya urithi wa Sanders.

Mwaka 2000 alihamia katika kampuni ya SAS huko North Carolina, na hesabu zake zikaenda naye. Jambo hili dogo la mtu kuhama kazi lilikuwa na matokeo makubwa, kwa sababu kile kilichokuwa elimu ya chuo kikuu sasa kilikuwa bidhaa, na bidhaa ina siri zake. Wakati huo huo sheria ya rais George W. Bush, iliyotiwa saini Januari 2002, iliagiza watoto wa darasa la tatu hadi la nane wapimwe kila mwaka katika kusoma na hesabu, na kwamba ifikapo 2014 wote wawe wamefikia kiwango. Na shule za maskini zilipolalamika kuwa zinaadhibiwa kwa mahali watoto walipotoka, wizara ilianza mwaka 2005 kuruhusu majimbo machache yahesabu ukuaji, Tennessee ikiwa miongoni mwa mawili ya kwanza kukubaliwa. Kisha serikali ya Barack Obama ikaweka mashindano ya fedha baina ya majimbo. Tennessee ilikuwa mmoja wa washindi wawili wa kwanza mwaka 2010, ikapewa takriban dola milioni 500, na kwa ajili hiyo ukuaji wa alama ukafanywa kuwa asilimia 35 ya tathmini ya kila mwalimu. Kila mwalimu, nasema, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo, maana mwalimu wa muziki hana mtihani wa jimbo, wala wa sanaa, wala wa mazoezi ya viungo. Basi hao walipewa alama ya shule nzima, na mtu wa ngoma na zumari akapandishwa au akashushwa kwa hesabu za sehemu ambazo hakufundisha.

Mwaka huo huo gazeti la Los Angeles Times lilikokotoa hesabu zake lenyewe na kuchapa majina ya walimu wapatao 6,000 wa shule za msingi pamoja na madaraja yao, na ile siri ambayo sheria ya Tennessee iliilinda ikawa haina maana tena. Chama cha Watakwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2014 kikikumbusha kwamba, kwa tafiti nyingi, tofauti za walimu hueleza kati ya asilimia 1 na 14 tu ya tofauti za alama za wanafunzi. Huko Great Neck, New York, mwalimu wa darasa la nne ambaye wanafunzi wake walikuwa wakifaulu vizuri mno alipewa na jimbo alama 14 katika 20 mwaka mmoja na alama 1 katika 20 mwaka uliofuata, naye asiweze kuambiwa amebadilika nini. Watoto waliokwisha kufika karibu na kilele walikuwa hawana pa kupanda, na mfumo ukasoma kutopanda huko kuwa ni uzembe wa mwalimu. Mwaka 2016 hakimu alibatilisha alama ile.

Lakini kesi iliyogusa mzizi wa jambo ni ya Houston, Texas. Walimu wa mji ule waliishtaki wilaya yao ya shule mwaka 2014, na madai yao hayakuwa kwamba hesabu za SAS ni za uongo. Walidai kwamba hakuna awezaye kujua kama ni za kweli. Milinganyo ilikuwa siri ya biashara. Wilaya iliyowafukuza walimu kwa hesabu hizo haikuweza kuzikokotoa upya yenyewe, na iligundulika kwamba, kwa kuwa alama ya kila mwalimu imefungamana na za wenzake wote, kosa la mmoja likisahihishwa huenda likazigeuza za wengine, kwa hiyo baada ya hesabu kutolewa halikusahihishwa. Mei 2017 hakimu wa shirikisho aliona kuwa mtu hawezi kunyang'anywa riziki kwa ushahidi asioweza kuukagua, akaruhusu dai hilo liende mbele, na kabla ya mwaka kwisha wilaya ikapatana na walimu. Sanders alikuwa amefariki mwezi Machi wa mwaka ule ule. Kipimo chake kilikuwa cha insafu kuliko cha Lowe kwa kila hali, ila moja: mwalimu wa mwaka 1862 aliijua hesabu yake, na mwalimu wa Houston hakuijua.

Suala hili, la kipimo cha insafu dhidi ya kipimo kinachoeleweka, lilijaribiwa waziwazi nchini Tanzania, na nashangaa kwamba si wengi wetu wanaojua. Palikuwa kwanza na mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, mwaka 2013, uliopanga shule za msingi kwa daraja kufuatana na mtihani wa darasa la saba na kuyatangaza madaraja hayo. Watafiti waliozifuata hesabu hizo walikuta kwamba shule za mkiani ziliinua kiwango cha kufaulu, na walikuta pia kwamba idadi ya watoto waliofikishwa kwenye mtihani katika shule hizo ilipungua, yaani baadhi ya kupanda kule kulitokana na kuwaacha dhaifu nje ya mlango. Asasi ya Twaweza nayo, katika mradi ulioitwa KiuFunza, ilizigawa kwa kura shule 350 za wilaya 10 mwaka 2013 na 2014: nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto, nyingine walimu wake wa madarasa ya kwanza waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo, nyingine zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza elimu ya watoto. Vyote viwili pamoja viliongeza.

Baadaye, mwaka 2015 na 2016, katika shule 180, mradi ulizilinganisha njia mbili za kuwalipa walimu. Ya kwanza ilitoka katika karatasi ya wanauchumi Gadi Barlevy na Derek Neal, nayo ndiyo yenye insafu iliyotafutwa tangu zamani: kila mtoto aliwekwa katika kundi la watoto wa shule nyingine waliolingana naye mwanzoni, na mwalimu akalipwa kwa nafasi ambayo mtoto wake atashika mwishoni ndani ya kundi lile. Ya pili ilikuwa ya ngazi, na ingalimfurahisha Lowe: kusoma silabi, kusoma maneno, kusoma sentensi, kusoma aya, kila ngazi na malipo yake, ila tofauti na ya Lowe ni kwamba ngazi zilikuwa nyingi na zilianzia chini, hata mtoto aliye nyuma kabisa alikuwa na moja iliyo karibu naye. Njia zote mbili ziliwainua watoto. Na ile ya ngazi, ambayo kwa nadharia ilipaswa kushindwa, ilifanya kazi sawa na ile ya insafu au zaidi.

Hesabu za Barlevy na Neal hazikuwa na kosa. Lakini mwalimu aliyelipwa kwa ngazi aliweza, mwezi wa Julai, kumwita mtoto mbele, kumpa orodha ya silabi, kumsikia akikwama kwenye "ng'o" na "mbwe", na kujua papo hapo ni kipi kilichobaki baina ya mtoto huyo na ngazi ya pili. Mwenziwe wa njia ya kwanza, hata angalimsikiliza mtoto kwa bidii namna gani, alikuwa anashindana na walimu asiowajua, wa wilaya ambazo hajafika, na jibu lake lilisubiri mpaka mitihani ya mwisho wa mwaka ikusanywe na kukokotolewa Dar es Salaam.